Kopo la Mama Nestori

Siku tuliyoanua matanga ya mama tulikuwepo sisi wanne: mimi Nyamizi, mapacha Kulwa na Doto, na Shija aliyewafuata. Alikuwepo baba mdogo Masanja kutoka Sengerema, shangazi Kabula kutoka Magu, katekista, majirani wachache wa pale mwaloni, ufukweni mitumbwi inaposhusha dagaa, na Mama Nestori, ambaye mama alikuwa akichukua kwake dagaa wa kwenda kuuza. Harufu ya dagaa nayo ilikuwepo, na naihesabu pamoja na watu, kwa sababu haikukosa katika jambo lolote la nyumba yetu. Ilikaa kwenye mapazia na kwenye nywele, hata kwenye chai. Mpaka leo nikipita mahali palipoanikwa dagaa, moyo unatangulia kufika kwetu kabla ya miguu.

Baba alikuwa ametangulia miaka miwili nyuma, na tangu hapo nyumba iliendeshwa kwa biashara ya mama. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Kwetu ilitimia neno kwa neno. Katekista alipomaliza sala, baba mdogo alisimama akauliza, kama ilivyo desturi, kama yupo anayemdai marehemu, aseme leo mbele ya watu. Mwenye duka alisema deni lake amelisamehe. Mama mwenye nyumba akasamehe kodi ya mwezi ule. Kisha baba mdogo akaanza kueleza walivyopanga na shangazi: mapacha waende Magu kwa shangazi, mimi na Shija tuvuke naye kwenda Sengerema. Doto alishika gauni langu kwa nyuma akalivuta mpaka shingo ikaniuma. Mama, siku za mwisho, alikuwa ameniomba jambo moja tu, kwamba tusitawanyike.

Hapo Mama Nestori akasema, bila kuinuka kwenye mkeka, "Mimi namdai."

Watu waligeuka. Alieleza kwamba mama alichukua magunia matatu kwake, yakanyeshewa mvua njiani kwenda mnadani, na hayakulipwa. Baba mdogo alisema ukoo utaona la kufanya. Mama Nestori akatikisa kichwa. "Ukoo siujui, shemeji. Nataka nilipwe hapa hapa mwaloni, kwa kazi, na huyu binti mkubwa. Na hawezi kuanika dagaa wangu huku roho yake iko Magu. Waacheni wote hapa mpaka nilipwe."

Wapo waliosonya. Shangazi alisema kwa sauti ya kusikika kwamba wengine hata maiti humkaba koo. Lakini hakuna aliyekuwa na fedha ya magunia matatu, na jioni wageni wetu waliondoka bila sisi. Nilimchukia mwanamke yule kwa moyo wangu wote.

Nilikuwa darasa la sita, sikurudi tena. Alfajiri mitumbwi ilipotia nanga nilikuwa tayari na ndoo. Tulitandaza dagaa juu ya nyavu, tukawageuza jua lilipokaza, tukakimbia kuwakusanya wingu lilipojitokeza upande wa visiwani. Ujira wangu ulikuwa dagaa wakavu, waliopimwa kwa kopo tupu la maziwa ya unga. Tulipatana kwamba kila jioni kopo moja lirudi kwake kupunguza deni, na yanayobaki niuze nipate unga, chumvi, mafuta ya taa na kodi. Haba na haba hujaza kibaba, nilijiambia. Ila mimi nilitaka kibaba kijae upesi, ili yule mwanamke asiwe na neno juu yetu. Nikaanza kurudisha makopo mawili, mara matatu. Nyumbani ugali ukawa uji, na uji ukawa maji yaliyopitiwa na unga. Kulwa, mtani wa nyumba, alisema uji wangu una heshima sana, ukiuangalia unauona uso wako.

Siku moja wanawake walimkamata Shija akila dagaa kwenye nyavu za watu, pamoja na mchanga wao. Mama Nestori alimbeba mgongoni mpaka kwetu. Nilimpa shikamoo, hakuitikia. Alifunua sufuria, akachungulia, akafunika. Kisha akaenda kwake, akarudi na makopo yote niliyozidisha, akayamimina kwenye ungo wetu.

"Nyamizi, nilikwambia kopo moja. Deni linaweza kulala njaa. Mtoto hawezi."

Nilimjibu kwa hasira kwamba kama anatuhurumia, angesamehe siku ile kama wengine. Alikaa kizingitini, akamfuta Shija mchanga mdomoni kwa pindo la khanga.

"Waliosamehe wameenda zao," alisema. "Ningesamehe, leo ungekuwa Sengerema, na mapacha wako Magu. Marahaba, mwanangu. Songa ugali tule."

Tulikula pamoja jioni ile, naye alimtolea Shija vichwa vya dagaa kimoja kimoja, kwa kuwa Shija hakuvipenda.

Sasa nina kibanda changu cha unga na dagaa huku Buhongwa. Kulwa ni fundi, Doto ana watoto wawili, Shija anasomea uuguzi, na sikukuu zote tunakula sinia moja. Siku hizi simu huniuliza kama nataka mkopo kabla sijanawa uso. Nimewahi kukubali, ada ya Shija ilipobana, na nililipa, maana dawa ya deni ni kulipa. Lakini mkopo ule haukuwahi kufunua sufuria yangu kuona nimepika nini.

Mama Nestori amezeeka, macho hayaoni vizuri, ila mikono bado inajua kipimo. Juzi nilimpelekea tena kopo la mwisho la yale magunia matatu, ambalo miaka yote hii amekuwa akiniahirishia, limejaa mpaka juu. Alilipapasa, akamimina nusu yake kwenye kikapu changu.

"Hii bakiza," alisema. "Usipodaiwa, utakuja huku kufanya nini?"

Nikarudi nyumbani na nusu kopo. Nimeiweka juu ya kabati, wala siiuzi, wala sijaipika. Jumamosi nitakwenda kumwona, kwa maana bado ananidai.