Ulipoibana Sura ya Mzee Masima

Mwanangu, weka hiyo simu chini unisikilize, maana nimechoka kuongea na kisogo chako. Kuna siku moja naikumbuka, nikiwa kijana kuliko wewe, katika studio hii hii unayoiita ya kizamani. Picha za harusi tulishazisafisha, mteja keshachukua zake, nami nikamuuliza bosi kama mikanda ya filamu nitupe. Mzee Karimu, Mhindi mpole asiyepandisha sauti hata kwa mdaiwa, siku hiyo alifoka: "Weka! Huyu atarudi na shida ambayo leo haijui." Nikaiweka, basi.

Sasa wewe! Kompyuta imejaa, ukasema. Ukaweka programu ya kupangia picha, ukazibana zote kwa fomati mpya zisichukue nafasi, ubora ukaushusha mpaka chini, halafu za mwanzo ukazifuta. Zote! Kwenye kioo cha simu zilipendeza, sikatai. Ulitamba utadhani umejenga ghorofa kule Mtumba kwenye mji wa Serikali.

Haya, juzi akaja mke wa Mzee Masima kutoka Bahi, kajitanda khanga, macho mekundu. Mumewe amefariki. Picha ya maana alipiga moja tu maishani, hapa kwetu, na mama aliitaka kubwa, isimame mbele ya jeneza. Mashine ya kuchapa ikaikataa faili yako. Ukaigeuza iwe fomati ya zamani, ikakubali, tukaikuza. Toba! Mashavu mabakamabaka, macho kama yamefutwa kwa kitambaa. Mama akaishika, akaitazama weee, kisha akaniuliza taratibu, "Kaka, huyu ni nani?"

Nilikosa pa kuuweka uso wangu. Na wewe, bila haya: "Baba, ndiyo teknolojia hiyo." Teknolojia! Nani alikutuma ufute? Kidole kilikuwa chako.

Mzee wa watu akazikwa na kipicha cha pasipoti mbele ya jeneza, waombolezaji wanainama mmoja mmoja kutafuta sura yake. Uliwaona. Mimi bado nawaona.

Kwa hiyo nisikie vizuri, sitarudia. Kubana bana, lakini bana nakala. Picha ya mwanzo ikae salama kwenye diski ya pembeni, na usifute chochote kabla hujakifungua kwenye mashine ya kuchapa ukakikuza, ukaona uso ni uso. Watu wametuachia wapendwa wao humu ndani.

Haya, nenda. Mungu akupe kazi nyingi na kidole kizito kwenye kufuta. Na siku yangu ikifika, mwanangu, watu wanitambue bila kuinama.