Waya wa Themostati

Tangu utotoni aliitwa Nati, kwa sababu aliwahi kumeza moja kwenye gereji ya baba yake na nyumba nzima ikashinda ikisubiri itoke. Ilitoka, jina likabaki. Sasa ni mtu mzima, mikono yake inanuka dizeli hata akitoka kuoga, na kichwa chake ni kigumu kiasi kwamba mama yake hushikilia kuwa nati ile waliyoiona ilikuwa nyingine, ya kwanza ilipanda juu.

Gereji yenyewe ni banda refu la mabati nyuma ya nyumba, na upande wa barabarani kuna kiduka cha oili na maji ya breki. Baba mtu, ambaye wote humwita Mzee, miguu imemchosha. Hushinda mlangoni kwenye kiti kilichong'olewa katika gari, akisikiliza injini za watu na kutoa hukumu. Kazi anaisimamia kaka mkubwa. Na ukutani, juu ya meza ya spana, kulikuwa na waya mrefu uliotungwa themostati kama shanga.

Themostati, kwa asiyeijua, ni kidude cha shaba kinachokaa kwenye njia ya maji ya injini. Injini ikiwa baridi kinafunga, maji yasiende kwenye rejeta kupozwa. Ikipata moto kinafungua. Mzee alikwisha amua zamani kwamba kidude hicho ni cha nchi za theluji. Gari lolote lililoingia kwake, hata kabla halijaulizwa linaumwa nini, lilitolewa themostati, nayo ikaenda kwenye waya. Aliuringia waya ule kuliko wengine wanavyoringia picha za harusi, na hakuna aliyethubutu kumuuliza kitu.

Basi likarudi tena gari la muuza vitambaa mmoja. Lilikuwa refu, la chini, milango miwili, viti vya ngozi, gari la kumfikisha mtu safari ya mbali shati likiwa halijakunjamana. Injini yake ilikuwa na silinda kumi na mbili, sita huku na sita kule, lita tano na ushei, nguvu za farasi karibu mia tatu. Ikinguruma polepole ungeweza kuweka kikombe cha chai juu yake kisimwagike. Lakini ilikuwa inachemka. Kila ikipanda mlima wa kutokea mjini, mshale wa joto ulikimbilia kwenye nyekundu. Walibadilisha pampu ya maji, wakabadilisha rejeta, wakabadilisha gasketi. Ikachemka vilevile, bila haya.

Kaka mkubwa akakata shauri. Injini za mabwanyenye, alisema, ni za kutazamwa tu. Hii ing'olewe, iuzwe chuma chakavu, na gari lifungwe injini ya pikapu. Muuza vitambaa alikubali kama mtu anayekubali kukatwa mguu. Winchi ikasogezwa. Ndipo Nati akaja akasimama kati ya winchi na gari, mikono kiunoni.

"Injini hii haitoki," alisema.

Akaeleza sababu, bila kuremba. Asubuhi ile, injini ikiwa inatokota, alikuwa ameishika rejeta kwa chini, akaikuta baridi. Maana yake maji ya moto hayafiki huko. Injini hii ina themostati mbili, kila upande na yake, na kila moja inapofungua njia ya rejeta huziba kijia cha pembeni kinachorudisha maji ndani. Ukiitoa, kijia kinabaki wazi, maji yanazunguka humohumo yakizidi kupata moto, na rejeta inabaki kutazama. Kwa hiyo aliyeiharibu injini alikuwa amekaa pale mlangoni, kwenye kiti kilichong'olewa. Nati hakulitamka hilo, lakini macho yote bandani yaligeukia mlangoni.

Mzee akajibu, bila hata kugeuka, kwamba yeye alikuwa anafungua injini kabla Nati hajafungua macho. Kaka mkubwa akacheka. Siku nyingi alikuwa akitafuta sababu ya kumpeleka dada yake dukani, maana wateja wengine walisita kumkabidhi mwanamke funguo za gari, na yeye badala ya kuwatolea uvivu wateja aliona rahisi kumwondoa ndugu yake. Sasa sababu imejileta yenyewe.

"Uifunge unavyotaka, tupande nayo mlima," alisema. "Ikichemka, unakwenda kukaa dukani, na nisikuone tena na spana."

"Nitakwenda, Kaka. Na isipochemka, hakuna atakayetoa themostati tena kwenye gereji hii. Hata Baba."

Hilo la "hata Baba" lilimtisha mwenyewe alipolisikia. Hakulirudisha.

Akauteremsha waya ukutani. Themostati mbili za gari lile hazikumpa taabu, kwa kuwa Mzee alikuwa amezifunga kitambaa chekundu kwa heshima ya gari la kifahari. Akaingia nazo jikoni, akainjika sufuria ya maji, akazitumbukiza. Maji yalipopata moto moja ikafunguka taratibu. Ya pili ilikaa kimya hata maji yalipochemka. Kumbe Mzee hakukosea yote. Moja ilikuwa mbovu kweli, ila akaitoa na nzima. Nati alihisi nafuu moyoni, akaikasirikia nafuu hiyo. Akaanza kutafuta themostati nyingine ya kipimo kilekile kwenye waya, akichemsha moja baada ya nyingine. Mama alikuja akilalamikia sufuria yake, kisha akabaki hapohapo, na baada ya muda ndiye aliyekuwa akizipakua kwa upawa. "Hii hai," alikuwa akisema. "Hii maiti." Ilipopatikana hai ya kulingana, Nati akazifunga zote mbili kwenye injini, akaurudisha waya ukutani.

Siku ya mlima Nati alishika usukani mwenyewe, muuza vitambaa akakaa pembeni yake. Mzee na kaka mkubwa walikunjwa kwenye kiti cha nyuma, ambacho katika magari hayo kimewekwa kwa ajili ya mikoba, magoti yakagusa videvu. Walipoanza kupanda, mshale ukapanda nao. Ukafika katikati, ukapita. Nati akaliona lile duka na yeye ndani yake, akipima oili mpaka azeeke. Hakupunguza mwendo. Mara mshale ukarudi kidogo, ukatulia katikati, na ulikuwa umetulia hapo walipofika juu.

Akasimama, injini ikinguruma. Muuza vitambaa akashuka, akagusa boneti, akauliza kwa sauti ya mtu aliyerudishiwa mguu wake, shida ilikuwa nini hasa. Kaka mkubwa akawahi kujibu kutoka nyuma: kasoro ya kiwandani, lakini wameirekebisha.

"Haikuwa ya kiwandani," Nati alisema. "Ilikuwa yetu."

Kaka mkubwa akamkazia macho. Muuza vitambaa akatazama huyu, akatazama yule, na Nati akajua kwamba huenda leo mteja anaondoka, na jina zuri la gereji pamoja naye. Sauti iliyofuata ilitoka nyuma, chini ya magoti.

"Nilizitoa mimi," Mzee alisema. "Injini ilikuwa nzima."

Wakarudi gerejini. Kaka mkubwa alikuta mtu anagonga kidukani, akaenda kumpimia oili. Mzee hakuketi kwenye kiti chake. Alijikongoja mpaka ukutani, akaung'oa waya wote, mzito ule, na Nati akadhani anakwenda kuutupa nyuma ya banda. Badala yake akamwekea mikononi.

"Kazichemshe," alisema. "Zilizo hai tuwarudishie wenyewe."