Lozi Niliyoimeza Kopenhagen

Sababu ya safari yangu ilikuwa barua. Mwaka 1967 mdogo wangu Nasor, ambaye tulipotawanyika kutoka Unguja, mimi na Mama tukenda Maskati, yeye riziki ilimwangusha Denmark kusomea uhandisi, alimwandikia Mama kwamba anataka kuoa. Binti anaitwa Inge, kasilimu, na wazee wake wameridhia. Kilichobaki ni radhi ya Mama tu. Mama alinitaka nimsomee barua ile mara tatu, kisha akaikunja akaitia chini ya mto.

"Mi siwajui watu hao," aliniambia. "Nenda kawatazame, Saidi. Kula nao. Mtu humjui mpaka umwone sahanini. Ukirudi nnataka neno moja tu: waungwana, au si waungwana."

"Na nikisema si waungwana?"

"Nasor atarudi nyumbani, na huyo binti Mungu atampa mwengine."

Basi furaha ya watu wawili ikawekwa juu ya tumbo langu, tumbo ambalo halijapata kusifiwa kwa hekima.

Kutoka Maskati zama zile kulitaka ruhusa, na ruhusa ilitaka subira. Ilipopatikana, Ramadhani ilikuwa imeingia na Disemba pamoja. Mama alinifungia kopo la halwa la kuwapelekea wenyeji. Nilimkumbusha kwamba msafiri ana ruhusa ya kula mchana. Alinitazama kuanzia kilemba mpaka makubadhi. "Msafiri wa ngamia," akasema. "Wewe utakaa kitini." Nikafunga.

Uwanjani Bait al Falaj nilipanda ndege ndogo hadi Bahrain, hapo nikapanda kubwa zaidi, na nyengine tena London. Kila ndege wasichana walinipitishia chakula puani, nami nikafumba macho.

Kopenhagen, saa mbili asubuhi. Nasor alinipokea uwanjani na koti zito mkononi. Aliniangalia miguu.

"Kaka, hivyo ndivyo viatu?"

"Ni vyangu vya Idi."

Nje lilikuwa giza totoro. Nilidhani saa yangu imeharibika, lakini Nasor akanambia jua la kule huamka saa tatu kasorobo. Sikulilaumu. Kwa baridi ile hata mimi nisingetoka kitandani.

Ilikuwa mkesha wa Krismasi, siku ambayo watu wa kule hukaa mezani na jamaa zao wote. Mitaa ilijaa taa na theluji, watu wamebeba vifurushi mpaka kidevuni, na kila pembe mchuuzi anakaanga lozi kwa sukari. Harufu ile ilinifuata mtaa hata mtaa, na mimi nimefunga. Ndevu zangu ziliganda. Niliteleza mara nne, na mara ya tano nikaanguka na Nasor.

Saa sita u nusu tulirudi chumbani kwake kusali adhuhuri. Miguu haijapata joto, ikawa alasiri. Sijaukunja msala sawasawa, Nasor anasema tufanye haraka, magharibi hiyo inakuja.

"Nchi gani hii?" nikamwuliza. "Hata sala zinapanga foleni!"

Saa tisa u nusu tulifika kwa kina Inge. Binti mwenyewe alinifungulia mlango. "Asalaam alaykum, Kaka. Karibu nyumbani." Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja moja kwa moja, na Nasor ananichungulia usoni kama nimependezwa. Nilipendezwa sana, lakini sikuonyesha. Nilikuwa kazini.

Mama yake, Bi Karen, alinivuta ndani kwa mikono miwili. Sebuleni walikuwa wameingiza mti mzima na kuufunga mishumaa ya kuwashwa, na nyuma ya mlango wameweka ndoo ya maji. Nikachagua kiti karibu na ndoo.

Baba yake, Bwana Aksel, ni pande la mtu lisilosema. Alinipa mkono kisha akaenda kusimama dirishani na saa mkononi. Anatazama nje, anatazama saa, ananitazama mimi. Nikajua huyu anahesabu dakika za mgeni kuondoka. Nikawaandikia moyoni alama mbaya ya kwanza.

Mara akapiga ukelele ambao nusura unitie ndani ya ndoo. Bi Karen akanisogezea tende na maji mbio mbio.

"Futuru, Kaka," Nasor akacheka. "Jua limetua. Juzi yote kashinda anasoma gazetini saa za jua. Leo yeye ndiye mzinga wetu wa kufuturia."

Ilikuwa saa kumi kasorobo. Alama ile nikaifuta.

Baada ya sala tukaketi mezani, mimi na Nasor, Inge na wazee wake. Kwanza ulikuja wali wa maziwa wa moto, wenye mdalasini na siagi. Bata yumo jikoni anangojea. Nasor alimchinja mwenyewe nyuma ya nyumba, majirani wakifunga mapazia. Kijiko cha tatu nikauma lozi nzima. Nikaitafuna, nikaimeza, nikangojea ya pili. Haikuja. Kwetu halwa isiyo lozi kila kijiko ni aibu ya kuhama mtaa. Hawa mji mzima unanuka lozi, na wali wa watu watano wametia moja!

"Mabakhili," nikasema moyoni, na alama hiyo nikaikoleza wino.

Lakini nikaona jambo la ajabu. Hakuna aliyeacha kula. Bwana Aksel alijaza bakuli la pili, la tatu, la nne, akalegeza mkanda. Inge anatafuna polepole, macho yake mdomoni kwangu. Wote wananitazama mdomo! Nikaona haya, nikaongeza na mimi. Sufuria ikakwanguliwa mpaka chini. Hapo Bi Karen akaingiza mkono ndani ya sufuria tupu, akapapasa, macho yakamjaa machozi.

"Kuna nini?" nikamnong'oneza Nasor.

"Ndani ya wali hutiwa lozi moja tu, makusudi. Anayeipata huificha shavuni mpaka wali uishe, kisha hupewa zawadi. Miaka yote Bi Karen hajapata kusahau kuitia. Anasema leo kaisahau kwa haraka, kwa sababu wao hula saa kumi na mbili, na leo kapika mapema ili wewe usifuturu peke yako."

Nikaweka kijiko chini.

"Nasor, nimeila."

"Umeila lini?"

"Bakuli la kwanza."

"Wallahi, Kaka! Mzee wa watu kala mabakuli manne kuitafuta!"

Aliwatafsiria. Kisha Bwana Aksel, mtu asiyesema, akaanza kutikisika mabega, akacheka mpaka akalaza kichwa mezani. Bi Karen akacheka huku anafuta machozi. Wakaniletea zawadi yangu, na ilipofunguliwa Inge akawa mwekundu. Alikuwa nguruwe, mdogo kama embe, kafungwa utepe shingoni.

"Ni desturi yao," Nasor akasema haraka. "Si nyama, Kaka. Ni lozi zilizosagwa na sukari."

Nikamnusa nguruwe yule. Kumbe lozi zote walizoninyima zimo humu!

Bata hakuna aliyemmaliza. Kwenye kahawa nikafungua kopo la Mama. Bwana Aksel akatia kijiko kinywani, akasita, akatoa lozi na kunyanyua mkono juu. Mara Bi Karen naye kapata. Inge naye. Kila mmoja anadai zawadi! Ikabidi nimkatekate nguruwe kwa kisu cha siagi, nigawe sawa. Paja moja nikalifunga kwenye kitambaa.

Njiani kurudi nilikuwa na muda mwingi wa kujionea haya. Tangu safari ile sijamhukumu mtu kwa kijiko cha kwanza. Hungoja sufuria iishe.

Maskati, jioni ya siku ya nne, nilimkuta Mama mkekani mbele ya futari. Nilimhadithia yote, isipokuwa mnyama. Aliuliza jambo moja tu.

"Wao kwa desturi hula saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

"Na siku ile?"

"Saa kumi kasorobo. Kwa ajili ya mwanao."

Mama akanisogezea sahani ya tende. Tulipofuturu nikampa lile paja, akaling'ata.

"Lozi safi. Mbona lina kwato?"

"Ni paja, Mama."

"Paja la nini?"

Nikamwambia. Taya zikasimama. Alilitazama paja, akanitazama mimi.

"Lozi na sukari tu?"

"Wallahi, lozi na sukari."

Akatafuna tena, bila haraka, akameza, akapangusa vidole.

"Chukua kalamu, umwandikie Nasor. Sema: waungwana, na radhi n'shampa. Kisha mwambie huyo Bi Karen mwakani atie lozi mbili. Moja yao, na moja ya huyu kaka yenu asiyejua kungojea wenziwe."