Mpaka Poda wa Mabibi wa Dolna Krusha

Saa moja asubuhi, Snezhana Mladenova anaburuta kiti cha mbao kutoka ndani ya ukumbi wa kijiji cha Dolna Krusha mpaka kizingitini. Anakigeuza kielekee jua, anakifuta kwa kiganja, kisha anawatazama wanawake waliojipanga ukutani wakimsubiri. Anajiuma mdomo asicheke, lakini wapi.

"Mabibi zangu," anasema, "mmeangukia gunia la unga?"

Hao ni wanawake saba wa kikundi cha waimbaji cha kijiji, watu wazima wenye wajukuu, wamevalia magauni yao meusi yenye tarizi, na nyuso zao ni nyeupe pe. Mchana wataimba kwenye tamasha la nyimbo za kale mjini Breznik. Kwa hamu ya kupendeza walichanga wakanunua kopo moja la poda ya madini, rangi nyeupe kuliko zote, wakajipaka wenyewe kwa pamba kabla Snezhana, waliyemwomba aje awapake, hajafika.

"Vazi letu moja, wimbo wetu mmoja," anajitetea Bibi Gyurga, kiongozi wa kikundi. "Tukasema na rangi nayo iwe moja."

"Nani aliichagua?"

"Mimi. Nilipima hapa," anajibu, akigusa shingo. "Si wewe uliyetuambia dukani? Pimeni shingoni, msipime mkononi."

Kweli ni yeye. Snezhana, mwenye umri wa miaka hamsini na minne, anauza vipodozi katika duka lililo karibu na stendi ya mabasi ya Breznik, na kanuni hiyo humwambia kila mteja. Ila wanawake wa Dolna Krusha hushinda kwenye viazi na maharage na kitambaa kimefungwa chini ya kidevu. Shingo zao hazijaona jua tangu usichana wao, na mashavu yao yamekuwa maji ya kunde.

"Kanuni ya shingo ni ya watu wa mjini," anawaambia. "Ninyi shingo ni mtu mwingine na uso ni mtu mwingine. Haya, nendeni mkanawe. Halafu kila mtu afunge kitambaa chake kama atakavyokifunga jukwaani, ndipo aje hapa."

Wanakwenda bombani wakisukumana na kulaumiana. Bibi Tota anasema yeye alijua tangu mwanzo. Bibi Gyurga anamjibu kwamba aliyejua tangu mwanzo ndiye aliyejipaka nyingi kuliko wote.

Wanaporudi, Snezhana anawakalisha mmoja mmoja kwenye kiti kilicho juani. Taa ya ukumbini haitumii hata kidogo. Anasema taa ni muongo. Anagusisha rangi mbili tatu juu ya mfupa wa shavu, anarudi nyuma hatua moja, anakunja jicho. Ile inayopotea ngozini isionekane ndiyo yenyewe.

Krimu kwanza, kisha subira. "Ukiwahi kabla krimu haijanywewa, unapata mabaka kama ukuta wenye unyevu," anaeleza. Poda kidogo tu anaimimina kwenye kifuniko, anazungusha brashi, anaikung'uta ukingoni, kisha anaigandamiza shavuni taratibu. Hasugui. Ngozi ya mzee ukiisugua, poda yote inazama kwenye mikunjo na kumwongezea mtu miaka ambayo hakuiomba.

Mabibi wanageuka watu wale wale, ila kama waliolala vizuri. Bibi Tota anajitazama kwenye kioo cha mkononi na kukataa kukirudisha.

Lakini kuna wa nane. Ndani, kwenye kona ya ukumbi, Bibi Velika Stamenova amekaa na gauni lake la kila siku, anapiga pasi aproni za wenzake. Amekuja kuwafunga vitambaa, anasema, basi.

Bila yeye, kikundi ni jina tu. Nyimbo za huku huanzwa na sauti moja inayoita, na nyingine zote hushika sauti ya chini kuibeba. Kwa miaka mingi mwitaji alikuwa Velika. Tangu mwaka jana hajafungua kinywa, na Bibi Tota aliyejaribu kushika nafasi yake anaita, kwa maneno ya Bibi Gyurga, "kama mlango wa banda usiopakwa mafuta."

Kisa ni uso. Ugonjwa wa ngozi ulimwachia wekundu puani na mashavuni usiotoka. Kwenye tamasha lililopita, alipopanda jukwaani, kijana mmoja kwenye umati alisema kwa sauti, "Yule wa mbele ameanza chupa mapema." Watu wakacheka. Velika hajawahi kuonja rakia, pombe kali ya matunda, maishani mwake. Hata ile anayopika mumewe, Mzee Rangel, huishika kwa ncha za vidole.

Aliimba siku hiyo mpaka mwisho, akashuka, akanyamaza. Uso umeumbwa na haya, na haya yake ilimwingia mpaka kooni.

Snezhana anaingia ndani na kusimama mbele yake.

"Njoo ukae, Bibi Velika."

"Mimi siendi, mwanangu. Wapake wenye nyuso."

"Sijasema uende. Nimesema ukae."

"Utaharibu poda yako."

"Poda ni yangu, niache niiharibu. Mficha uchi hazai, bibi. Twende juani."

Pasi inazimwa. Velika anajivuta mpaka kwenye kiti, anafunga kitambaa kama wengine, anafumba macho. Wenzake walioko nje wanajifanya wanatazama kuku. Snezhana anachukua kopo dogo ambalo hakulitumia kwa mtu mwingine yeyote, lenye poda ya kijani iliyofifia.

Velika anafungua jicho moja. "Kijani? Unataka niwe chura?"

"Kijani kinaua wekundu. Tulia."

"Chura mwenye kitambaa."

"Chura mwenye mdomo mrefu. Tulia, nimesema."

Kijani kinapita kidogo puani na mashavuni, halafu juu yake rangi ya maji ya kunde, safu nyembamba, subira, safu nyingine. Wekundu unarudi nyuma. Bibi Gyurga, aliyekuwa akitazama kuku, sasa anatazama waziwazi.

Karibu na mdomo, Snezhana anasimamisha brashi.

"Hapa siwezi," anasema. "Uso uliofumba mdomo unanidanganya. Nikikupaka hivi, ukifungua kinywa poda inapasuka. Imba kidogo nione mikunjo inakwenda wapi."

"Hao wengine hukuwaambia waimbe."

"Hao wengine hawajafumba mdomo tangu nifike."

Velika anajiweka sawa kitini. Mikono yake imeshika magoti. Halafu, macho bado yakiwa yamefumbwa, anaita mstari wa kwanza wa wimbo wa kuvuna, kwa sauti ya kukwaruza iliyokaa bila kazi: "Amka, Rado, jua limefika shambani..."

Mstari wa pili unatoka safi, wenye nguvu, ule mwito ambao zamani ulikuwa ukisikika mpaka ng'ambo ya mto. Hakuna aliyewaambia, lakini wale saba waliosimama uani wanashika sauti ya chini na kuubeba. Wimbo mzima unaimbwa hivyo, mwitaji akiwa kitini. Snezhana anapaka pembeni ya mdomo, anasimama, anapaka tena.

"Usilie, poda italowa," anamnong'oneza Velika, naye mwenyewe anajifuta macho kwa mkono wa blauzi.

Hiyo ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Juni, na Snezhana alikuwa ameomba ruhusa dukani. Mchana ule Velika alisimama mbele ya watu wa Breznik na kuita nyimbo tatu. Hapakuwa na neno kutoka kwenye umati, ila makofi. Mzee Rangel alisimama nyuma kabisa, kofia mkononi, akawaambia watu asiowajua, "Huyo ni mke wangu."

Mwezi uliofuata, dukani, mwandishi wa habari hii anamuuliza Snezhana kama kumwambia Velika aimbe kulikuwa ujanja.

"Ni kazi," anasema, akipanga makopo. "Mikunjo ni mikunjo." Kisha anacheka. "Nusu ni kazi."

Mshahara wake ni yuro mia saba kwa mwezi, na kopo moja la poda analouza linakaribia yuro ishirini. Dolna Krusha hakutoza kitu, na Bibi Velika alimwachia kopo lake mwenyewe. Alirudi na mayai, jibini ya mbuzi na banitsa, mkate wa tabaka wenye jibini, ya moto iliyomchoma mapajani njia nzima ndani ya basi.

Anachotaka sasa ni kitu kimoja. Akimaliza kusindika pilipili za akiba ya majira ya baridi, siku yake ya mapumziko, ambayo ni Alhamisi, ataitumia kuzunguka vijijini na kiti chake, aweke kizingitini mwa kila ukumbi, apake wanawake wasiokwenda popote.

"Mama yangu alipakwa poda mara mbili," anasema. "Siku ya harusi na siku ya kuzikwa. Mara ya pili nilimpaka mimi. Alipendeza sana, na hakuwa na macho ya kujiona. Nilikasirika, nakwambia kweli. Mtu apakwe Alhamisi tu, ya hivi hivi, akiwa hai."

Simu inalia. Ni Bibi Velika, na sauti yake inajaza duka. Kopo lake limekwisha.

"Limekwisha?" anashangaa Snezhana. "Lilikuwa la miezi mitatu. Mmeitwa kwenye tamasha jingine?"

"Tamasha gani, mwanangu? Naamka, nawakamua mbuzi, najipaka, najitazama, nachuma maharage."

"Basi unakwenda wapi na poda hiyo yote?"

"Popote siendi."

Snezhana anaziba simu kwa kiganja na kumgeukia mwandishi, macho yamemlowa.

"Andika," anasema. "Wa kwanza ni huyu."