Mrija wa Pili

Nimezunguka Ngara na Biharamulo nikipakia magunia na kuuza sabuni, na penye watu wanaoongea mimi husimama kusikiliza. Ndivyo nilivyoingia darasa la watu wazima kwenye kambi ya wakimbizi karibu na Kasulo, siku mwalimu wao alipotafuta msaidizi. Kazi hiyo niliitaka sana. Shule niliiacha darasa la tano, lakini domo ninalo.

Mwalimu, mama mpole, alitusomea hadithi fupi. Mwanamke kambini anaweka chungu cha pombe ya ndizi, anatia mirija miwili, anakunywa kwa mmoja. Wa pili anaufuta vizuri na kuuchomeka tena chini ya paa la hema.

"Mrija huo unatuambia ana nini moyoni?" akauliza.

Nikasimama kama mkaguzi wa shule. "Ulevi, mwalimu! Huo ni wa akiba, wa kwanza ukiziba. Na mwandishi anayeshindwa kusema mlevi ni mlevi, apewe jembe akalime."

Hakuna aliyecheka. Nikadhani hawajaelewa, mpumbavu mimi, nikarudia kwa sauti kubwa zaidi.

Mwalimu akakunja karatasi. "Niliyeandika ni mimi. Mrija ni wa mume wangu. Nilivuka mpaka bila yeye." Kisha chaki, na kazi ya msaidizi, akampa mama aliyekaa mbele.

Mzee mmoja akanigeukia. "Kijana, kwenu wapi?"

"Bukiriro, mzee, hapa hapa Ngara."

"Mhangaza kabisa! Hata kwenu kila mzee ana mrija wake. Akifa, mrija wake mnawapa walevi?"