Redio Nne za Orrin Halvorsen

Orrin Halvorsen, mkadiriaji wa hasara katika kampuni moja ya bima mjini Billings, Montana, hakuwahi kununua hata kopo la maharagwe bila kulisoma pande zote. Jiko la nyumbani kwake alilichagua kwa miezi mitano. Mke alimchagua kwa wiki mbili, na Lorna hakuchoka kumkumbusha kwamba kazi nzuri aliifanya pale alipokosa nafasi ya kufikiri.

Desemba ile alikuwa akichagua redio ndogo za mkononi za kuzungumzia mlimani, familia ikienda kuteleza kwenye theluji. Mwaka uliotangulia walipotezana huko: Lorna aliganda kwa saa mbili kwenye viti vya waya vya kupandia mlima upande wa mashariki, Orrin akaganda kwa saa mbili kwenye vile vya magharibi, na simu zote zilikuwa zimezimwa na baridi. Safari hii palikuwa na jambo zito zaidi. Bernadine, mama yake Lorna, alikuwa na nyumba ya magogo chini ya mlima ule, naye alikuwa amewatangazia mabinti zake wawili kwamba mwisho wa wiki wa safari hiyo ataamua nani aipate kwa likizo ya Februari. Miaka mitatu mfululizo ilikwenda kwa Curtis, mwanyumba wake Orrin, mume wa yule binti mwingine, mtu ambaye hata mbao zake za kutelezea thelujini aliazima. Orrin aliitaka nyumba ile kama fisi anavyoutaka mfupa.

Meza ya jikoni ikageuka maabara. Alipima redio kwa mizani ya unga. Alizilaza kwenye friza kando ya samaki ili ajue betri zitahimili saa ngapi. Alivaa glavu nene akabonyeza kila kitufe.

"Baba," akasema Tess, binti yake wa miaka kumi na mitano, "umevaa glavu na kaptula. Jirani anakuona."

"Jirani atapotelea mlimani, sisi hatutapotea."

Mwishowe alinunua nne za rangi ya chungwa, kila moja ikitosha kiganjani. Kilichomteka ni ile misimbo ya faragha, mia na ishirini na moja kwa hesabu. Kijitabu cha redio hizo kilieleza bayana kwamba msimbo humzuia mwenye redio asiwasikie wengine, wala hauwazuii wengine kumsikia yeye. Sentensi hiyo Orrin aliisoma, akaipigia mstari, akaielewa kinyume.

"Chaneli ya saba, msimbo wa themanini na nane," aliwaamuru asubuhi ya Jumamosi, walipokwisha kulala kwa Bernadine na kujiandaa kupanda mlima. "Hapa duniani hatusikiki na mtu."

"Ya nne si umpe Mama?" Lorna akauliza.

"Hiyo ni ya akiba. Mama yako rimoti tu inamshinda."

Bernadine hakuomba. Aliketi mkahawani chini ya mlima na redio ya marehemu mumewe, kubwa kama tofali, iliyoundwa kabla misimbo haijabuniwa. Wenyeji wenzake walikuwa nazo za aina hiyo, na wakati wa kahawa walizungusha chaneli moja baada ya nyingine, kusikiliza wageni wakigombana. Walipofika ya saba wakasita.

"Lorna, Lorna, Orrin hapa. Ule mchuzi wa mama yako jana ulikuwa wa nini? Yule paa amekufa mara mbili."

"Orrin, acha hayo."

"Nani anasikia? Tukiipata nyumba, mapazia yale nayachoma siku ya kwanza. Mle ndani mnanuka soksi ya mvuvi. Leo wewe sifia supu yake tu. Mkono usioweza kuukata, ubusu."

Vijiko vilitulia mkahawa mzima. Bernadine akabonyeza kitufe. "Orrin, mwanangu, nakusikia." Redio ya Orrin, kwa utiifu wa themanini na nane, ikamfichia. Bibi akarudia, taratibu zaidi. Kutoka mlimani yakaja maelezo marefu juu ya meno yake ya bandia. Akaiweka redio mezani, akaagiza kahawa nyingine.

Adhuhuri Orrin aliingia akikung'uta theluji, mke na binti nyuma yake. Mzee asiyemfahamu akainua kikombe.

"Karibu, bwana soksi!"

Orrin akacheka kwa adabu, kisha akaliona lile tofali mezani. Uso ukamshuka.

"Mama, kitaalamu hilo haliwezekani. Tulikuwa na msimbo."

"Nimekujibu mara mbili, baba. Ukaendelea na meno yangu."

"Ulikuwa utani tu, Mama. Na supu yako, kwa kweli…"

"Usiibusu, itakuunguza." Mkahawa ukaangua kicheko. Bernadine hakucheka. "Februari nyumba ni ya Lorna na mjukuu wangu. Curtis na familia yake watakuja pia, nafasi ipo. Wewe utabaki Billings."

"Curtis! Yule anakusema kuliko mimi!"

"Ananisema usoni, mezani kwangu, akiongeza sahani ya pili."

Orrin akamgeukia mkewe, kama mshtakiwa anavyomgeukia wakili. Lorna alikuwa akivua glavu, kidole kimoja kimoja, bila haraka.

"Tufike saa ngapi, Mama?" akauliza.