Bakuli Lililorudi Nanyamba

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku niliyoolewa. Tulikuwa tunakaa Chuno, mimi na mume wangu Hamisi, mpagazi wa magunia ya korosho. Ghalani yakapotea magunia mawili, akakamatwa yeye. Siku mbili nilimpelekea kituoni ugali wa muhogo na kisamvu, kwenye bakuli langu la bati.

Siku ya tatu askari akaniambia, "Hapa hayupo tena, dada. Amefikishwa kwa hakimu, ameamriwa akae gerezani. Nipe bakuli, kuna gari linakwenda huko."

Nikampa bakuli, lakini mimi nilisikia gereza tu. Kwetu aliyeingia gerezani amekwisha, na mke wake hurudi kwao kabla watu hawajaanza kumsema. Kuuliza si ujinga, lakini aibu ilinifunga mdomo. Nikafunga mlango, nikapanda gari la Nanyamba, kwa wazazi wangu.

Kumbe hakufungwa. Polisi walimshika wamhoji, nao hawana ruhusa ya kukaa na mtu watakavyo. Hakimu ndiye aliyemweka rumande, gerezani lakini si mfungwa, asubiri kesi yake. Alitakiwa mdhamini mmoja tu ili atoke kwa dhamana. Kaka yangu, mwenye mikorosho yake, angesimama siku ileile kama ningemwambia ukweli, nami ukweli sikuujua.

Baada ya miezi minne akaachiwa huru. Alikuja Nanyamba, akaamkiana na baba, akaliweka bakuli barazani, limeoshwa.

"Nilidhani wamekufunga," nikamwambia.

"Ungeuliza, Somoe. Kila kesi ikitajwa nilikuwa natazama mlango."

Akanywa maji, akaondoka. Talaka aliileta mjomba wake. Niliolewa tena, nikazaa, namshukuru Mungu. Lakini upweke ulioniingia pale barazani haujatoka hadi leo. Wanasema majuto ni mjukuu. Huyu wangu nimezeeka naye.

Basi, mwanangu, mtu wako akishikwa, usihame kwanza. Uliza: bado yuko kwa polisi, au hakimu amemweka rumande? Kesi inatajwa lini? Dhamana ipo? Na hata akiwa amefungwa kweli, nenda ukamwone, maana hata mwenye hatia hula.

Mungu akupe ulimi wa kuuliza na miguu ya kwenda. Na siku ukikaa wewe kutazama mlango, akuingizie mtu wako.